Korongo Saba Kichwa Chini

Kilichoninyima usingizi kwa siku tatu hakikuwa bunduki wala kizuizi cha barabarani. Kilikuwa swali moja: ndege wa karatasi, asiyefika urefu wa kidole gumba, akitokea kichwa chini mgongoni mwa pochi ya kadi ya Meja, je, hilo ni kosa la fundi au ni uhaini? Nikilala ubavu wa kulia lilikuwa kosa la fundi. Nikigeukia kushoto nilikumbuka kwamba ndege mwenyewe ni korongo, na korongo ndiye aliye katikati ya bendera yetu, basi likawa uhaini. Nao walikuwa saba. Niliwahesabu upya kichwani kila mara nikitumaini watapungua.

Vijana wa karakana, siku nilipowakabidhi funguo mliniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi. Vyeo sitavieleza, maana kwetu hakukuwa na cha kupanda isipokuwa ngazi ya kufikia rafu ya juu. Mishahara pia naiacha, nisiwaharibie hamu ya chakula. Nitawaeleza nilivyoanza, na habari ya hiyo pochi, kwa sababu kila mnapokata kona za jalada mnashika kipande cha habari hiyo mkononi bila kujua.

Nilifika Tororo katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na shahada ya uchumi kutoka chuo kikuu kule Kampala. Nilikuwa nimeusoma uchumi kwa miaka mitatu, na nilipomaliza, uchumi wenyewe ulikuwa umehamia Busia na ulikuwa ukivushwa mpaka wa Kenya kwa baiskeli. Nilipeleka barua za kuomba kazi kwenye ofisi nne. Tatu hazikujibu. Katika ya nne, aliyenihoji alikuwa ameweka bastola juu ya barua yangu ili isipeperuke, nami nikasahau sentensi zote nilizokariri. Nikarudi kwa shangazi yangu huko Molo, kijiji cha jirani. Baada ya wiki mbili za kumsaidia kupanda karanga huku nikimuuliza kama mashimo yako sawa, shangazi aliniambia kuna fundi mjini anayetafuta msaidizi, na kwamba niondoke asubuhi na mapema.

Fundi huyo aliitwa Swaleh Rajabu. Alikuwa mjalidi, mtu wa kuvika vitabu majalada. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, bibi yake alikuwa Mjapadhola wa hapa hapa, na shangazi zake walikuwa bado wanabishana huyo babu alikuja kununua nini. Karakana haikuwa yake. Ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyemwachia funguo siku alipoamriwa, yeye na wenzake wote, kuondoka nchini. Fundi Swaleh aliitunza kana kwamba mwenyewe amekwenda kunywa chai na angerudi saa yoyote. Kiti cha yule bwana hakukikalia hata siku moja. Alikifuta vumbi kila asubuhi, halafu akakaa kwenye debe.

Nilimpelekea barua ya maombi ya kurasa mbili, iliyopigwa chapa. Aliisoma yote, akaigeuza, akaishika kwenye mwanga.

"Karatasi nzuri," alisema. "Na nyuma hukuandika kitu."

Akaitia kwenye droo ya mabaki. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku hiyo ya kwanza alinipa mfupa. Ninyi mnaijua mifupa ya kukunjia. Huo wake ulikuwa ubavu wa ng'ombe aliousugua mwenyewe hadi ukawa laini kama ukucha. Nikamuuliza nikunje nikiushika upande upi. Nikamuuliza niusukume au niuvute. Nikamuuliza kama joto la mkono huathiri mkunjo.

"Digrii," aliniambia, na jina hilo likanishika tangu siku hiyo, "huu ni ubavu wa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hakuuliza. Kunja."

Nilijifunza kupika gundi. Ilikuwa ya wanga wa muhogo, kwa sababu unga wa ngano ulikuwa habari ya kusimuliwa. Unaikoroga kwenye moto mdogo hadi igeuke kutoka nyeupe na kuwa kama maji ya mchele, unaichuja kwenye kitambaa, kisha unatia karafuu mbili tatu ili isiliwe na mende. Ilinukia vizuri mno. Majirani walikuwa wakipita na vikombe, wakidhani tunapika uji na tunawaficha sukari.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vitabu vya mahakama, rejesta za ubatizo na tiketi za kodi. Hizi za mwisho ndizo zilizonifundisha thamani ya karatasi ya Kijapani. Siku hizo mwanamume aliyekutwa na tiketi ya kodi iliyochanika aliwekwa chini ya jua hadi aeleze aliyeichana na kwa nia gani. Wakaja kwetu. Katika droo ya chini, yule Mhindi alikuwa ameacha bunda la karatasi nyembamba kutoka Japani, iliyotengenezwa kwa magome ya mti kama nguo ya magome ya Waganda, ila imekonda hadi unaweza kusoma gazeti ukiwa umeifunika juu yake. Nyuzi zake ni ndefu. Huikati kwa kisu. Unapitisha brashi yenye maji kwenye mstari unaoutaka, unangoja kidogo, unaivuta taratibu, nayo inaachana huku ikitoa vinyweleo ukingoni. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoshika mpasuko. Ukimaliza, tiketi ina nguvu kuliko ilipotoka kwa mtoza kodi.

Fundi Swaleh akaona kwamba tiketi iliyotibiwa inahitaji pahali pa kulala. Tukaanza kutengeneza pochi ndogo: vipande viwili vya kadibodi, mkunjo chini, mdomo juu, na mikunjo ya pembeni inayotanuka kama kinanda cha mkono. Tulizivika karatasi ya ndani ya mifuko ya saruji, ile ya kaki isiyo na maandishi. Kwa ndani aligonga muhuri wake wa mpira: S. Rajabu, Mjalidi, Tororo. Zikasambaa hadi vijiji vya Sop Sop. Nadhani moja ilichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani na askari aliyeipenda, akampa mkubwa wake, naye akampa mkubwa wake, kwa sababu siku moja alikuja sajini kutoka kambini akiwa nayo mkononi.

"Nani Rajabu?" aliuliza.

Fundi alisimama. Mimi nilikuwa tayari nyuma ya rafu.

"Meja nataka hii," sajini alisema. "Lakini hapana hii ya saruji. Nataka ya wakubwa. Jumapili kuna wageni kutoka Kampala. Meja nataka kuwapa kadi."

Meja, kwa wale msiomjua, na Mungu awazidishie heri, alikuwa amechapishiwa kadi mia tano zenye jina lake na vyeo vinne chini yake. Shida ilikuwa hapakuwa na wa kumpa. Tororo nzima ilimjua, na kila mtu alijitahidi asijuliwe naye.

Katika droo ile ile ya chini ilikuwamo karatasi moja ya Kijapani ya mapambo. Moja tu. Rangi ya majani makavu, na korongo weupe wenye utosi mwekundu, kila mmoja ameinua mguu. Fundi Swaleh alikuwa hajaigusa miaka yote. Akaitoa, akaitazama, akatazama kiti cha yule Mhindi kama anayeomba ruhusa, akaiweka mbele yangu.

"Tengeneza wewe, Digrii. Mkono wangu siku hizi unatetemeka."

Mkono wake haukutetemeka. Ninyi mmewahi kufundisha mtu kazi, mnajua.

Nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Nilitengeneza mifano mitatu ya karatasi ya saruji. Niliinama na karatasi ya Kijapani dirishani kutafuta nyuzi zimelala upande gani, kwa sababu nyuzi zikikatiza mkunjo, mkunjo hupasuka. Nilipima inavyotanuka ikilowa. Nilifikiri kuhusu kona kwa siku nzima. Niliandika orodha ya mambo kumi na tisa yanayoweza kuharibika, na ya ishirini nikaandika "mengineyo". Nikapaka gundi nyembamba kwenye karatasi, nikangoja itulie, nikaivika kadibodi kuanzia katikati kwenda nje, nikafukuza hewa kwa mfupa, nikakunja kona bila hata mwanya wa kupitisha unywele. Nikaifunga kwenye kitambaa bila kuigeuza, nikaiweka kwenye kibano cha chuma, na siku ya pili sajini alipokuja, Fundi akaitoa, akagonga muhuri wake ndani, akampa. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta kuni.

Kesho yake nilikuwa nikikusanya mabaki. Nikachukua mfano mmoja wa saruji nikauzungushia kipande cha korongo kilichosalia, kwa raha tu, kuona nilivyokuwa hodari. Mbele, korongo alisimama vizuri. Nikageuza nyuma.

Ninyi mlionisikia nikipiga kelele kwa kazi ndogo ndogo, sasa mtanielewa. Karatasi moja inashuka mbele, inapita chini, inapanda nyuma. Ndege anayesimama mbele akifika nyuma anapanda miguu kwanza. Mjalidi yeyote analijua hilo, akiwa na karatasi yenye ndege. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi mara tatu kwa karatasi ya saruji, na saruji haina kichwa wala miguu.

Nilihesabu mabaki, nikatoa kwenye idadi ya ndege wote. Mbele ya pochi ya Meja kulikuwa na korongo saba wamesimama. Nyuma kulikuwa na korongo saba wananing'inia kama kuku wa sokoni. Ndani, kwa wino wa bluu, kulikuwa na jina na mji wa Fundi Swaleh. Na Jumapili wageni kutoka Kampala wangekaa mbele ya Meja, yeye akiwa anatazama korongo waliosimama, wao wakitazama, kama ilivyo desturi ya wageni, upande wa pili.

Watu walikuwa wamechukuliwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Jirani yetu mmoja alichukuliwa kwa sababu mbwa wake alibweka wakati wa taarifa ya habari.

Karatasi nyingine haikuwepo. Kumwambia Fundi niliona ni kumpa hofu bila dawa. Kutomwambia niliona ni kumwacha alale mlango wazi. Niliandika sababu za kila upande kwenye karatasi, zikawa sawasawa, nikaongeza moja upande mmoja, nikaona nimedanganya, nikaifuta. Ijumaa Fundi akasema anakwenda Busia kununua uzi. Hakurudi na uzi. Nikaona ni jambo la kawaida. Nani alirudi na kitu alichokifuata miaka ile?

Jumamosi alfajiri nilimwambia nakwenda Molo kumwona shangazi, anaumwa.

"Mpe pole," alisema, bila kunitazama. "Kaa naye hata mwezi."

Nikapanda lori la samaki lililokuwa linarudi ziwani, Majanji, tupu, ikiwa tupu ni neno sahihi kwa harufu ile, nikashuka Busia.

Nilikuwa nakwenda kwa Mama Nabwire. Huyu alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, mama wa kanisani, aliyevuka mpaka kila asubuhi na sabuni na chumvi, na kurudi jioni na kahawa ambayo forodha haikuiona kwa sababu ilikuwa imekaliwa. Ndiye aliyekuwa akituletea uzi na sindano. Alikuwa na meza yake nyuma ya soko la upande wetu, na benchi kila upande.

"Athieno!" aliniita kwa jina langu, na masikio yangu yalishangaa. "Umekonda. Huyo fundi anakulisha gundi?"

Nikamweleza yote. Nikamwambia Meja akiona, au wageni wakimwonyesha, jina lililo ndani ni la Fundi, si langu. Nikamwomba amvushe Fundi leo, kabla ya Jumapili, amfiche upande wa pili hadi mambo yapoe.

Mama Nabwire alianza kucheka, akacheka hadi chumvi ikamwagika.

"Mimi nimekosea nini kwa Mungu?" alisema. "Jana fundi wako alikaa hapo hapo ulipokaa. Hapo hapo! Akaniambia, 'Mama, kuna binti kwangu amesoma sana, amegeuza ndege wa serikali. Hajui. Usimwambie, atakufa kwa mawazo. Mvushe, mtafutie hata shule ya kufundisha. Meja akija, nitasema nilifanya kazi peke yangu.' Nikamuuliza, na wewe? Akasema yeye ana funguo za watu."

Kumbe Fundi alikuwa ameona mgongo wa pochi pale pale alipokuwa anamkabidhi sajini, mkono ukiwa umeshaachia. Siku tatu tulikuwa tumekaa karakana moja, kila mmoja akimficha mwenzake ndege wale wale.

"Sasa sikilizeni ninyi wawili," Mama Nabwire alisema, ingawa nilikuwa mmoja. "Mimi ni mwanamke wa sabuni. Mimi si treni. Hao ndege wenyewe wako vipi hata mnakimbiziana hivi?"

Nilikuwa nimebeba ule mfano wa saruji na kipande chake cha korongo. Nikauweka mezani kati yetu, upande wa nyuma ukiwa juu, vile vile uovu wenyewe ulivyo.

"Unaona?" nilisema. "Wote kichwa chini."

Mama Nabwire aliinama akitazama kutoka benchi lake la upande wa pili.

"Wapi?" alisema. "Hawa wangu wamesimama."

"Hapana, mama. Tazama vizuri. Vichwa viko huku kwangu."

"Kwako, ndiyo. Mimi sikai kwako. Mimi nimekaa huku, na huku ndege wamesimama wima, wanangoja uji."

Niliinuka nikazunguka meza, nikakaa karibu naye. Wamesimama. Nikarudi kwangu. Wamelala. Nikazunguka tena. Mwenye duka la jirani akauliza kama yule binti anatafuta kitu.

Hapo ndipo penye uamuzi wangu, na nataka muelewe kwamba sikuwa nimepona hofu. Orodha ya mambo yanayoweza kuharibika nilikuwa nayo mfukoni. Lakini nilikuwa nimekwenda Busia kuamua nani avuke, Fundi au mimi, na nikiwa nimekaa kwenye lile benchi niliona hesabu yangu yote ilikuwa na kosa moja: nilikuwa nimeacha jina la mtu mwingine kwenye kazi ya mkono wangu. Kama pochi ile ingeleta balaa, ilipaswa kumkuta aliyeikunja. Na kama ingeleta sifa, basi, nilifikiri, hilo nalo.

"Unavuka?" Mama Nabwire aliuliza, tayari ameshika kanga ya kunifunika.

"Hapana," nilisema. "Narudi Tororo. Naomba kipande cha karatasi nyeupe, nene."

Akanipa ya kifuniko cha boksi la sabuni. Nikaandika kwa mwandiko wangu mdogo: Kazi ya Athieno. Kisha nikapanda baiskeli ya mmoja wa vijana waliovusha watu mpakani kati ya kizuizi na kizuizi. Alishangaa nilipomwambia twende Tororo. Aliniuliza mara mbili kama najua Tororo iko wapi, na mlimani alinishusha nitembee, akatangulia yeye kwa baiskeli.

Nilipita karakana kwa mlango wa nyuma nikachota gundi kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka, nikachukua brashi na mfupa, nikaenda nyumbani kwa Meja. Jua lilikuwa bado juu. Askari langoni alikifungua kikopo, akanusa, akatia kidole, akaonja.

"Sukari iko wapi?" aliuliza kwa ukali.

"Imepotea, afande."

"Hata hapa imepotea," alisema kwa huzuni, akanifungulia, akanifuata hadi barazani.

Meja alikuwa amekaa kwenye meza kubwa peke yake, akijizoeza kutoa kadi. Kadi zilikuwa zimepangwa, pochi ilikuwa mbele yake. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na hilo ndilo lililotisha.

"Nani wewe?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza hiyo pochi, afande. Nimekuja kumalizia. Jina lililo ndani ni la mwenye karakana. La fundi aliyeifanya halikuwekwa."

"Rajabu hakufanya?"

"Rajabu alinifundisha. Kukunja nimekunja mimi."

Akanisukumia pochi. Nilipaka gundi, nikaweka kile kipande juu ya muhuri wa bluu, nikafukuza hewa kwa mfupa. Jina la Fundi Swaleh likatoweka. Nikaifunga pochi, nikaiweka mezani, na sijui ni kwa makusudi au kwa uchovu, nikaiweka upande wa nyuma ukiwa juu, mkunjo ukimwelekea yeye.

Meja alitazama. Alitazama kwa muda ambao ningeweza kusomea shahada nyingine.

"Kwa nini hii ndege imelala?"

"Haijalala, afande. Upande wa mbele ndege wanamtazama mwenye kadi. Upande wa nyuma wanamtazama mgeni. Mgeni akikaa huku, wamemsimamia yeye."

Meja alimwita askari wa lango, akamsimamisha upande wangu wa meza.

"Unaona nini?"

"Ndege, afande!"

"Imesimama au imelala?"

Askari alitazama ndege. Akamtazama Meja. Akanitazama mimi, na niliona ndani ya macho yake binadamu mwenzangu anayefikiri sana.

"Vile wewe nasema, afande!"

Meja akapumua kwa pua. Akaweka mikono juu ya meza, akainuka, na akazunguka mwenyewe, polepole, hadi akasimama kando yangu. Akainama. Akarudi upande wake, akaigeuza pochi mbele, akaitazama, akairudisha. Akainama. Akazunguka tena. Nikamkumbuka mwenye duka la Busia, nikauma ulimi nisicheke, na hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote niliyoyafanya siku hiyo.

"Mgeni anaona bendera imesimama," alisema hatimaye, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto. "Na mimi naona imesimama. Kila mtu anaona imesimama!"

"Kila mtu akikaa pahali pake, afande."

Akaketi, akanyoosha mgongo, akafungua pochi kwa vidole viwili kama alivyokuwa akijizoeza, akatoa kadi, akanipa. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza Tororo kuipokea bila kuamriwa.

Nilimkuta Fundi Swaleh kwenye debe lake. Alikuwa ameinamia karatasi, anaandika. Aliponiona alijaribu kuifunika kwa kiganja, lakini mimi niliitambua tangu mlangoni. Ilikuwa barua yangu ya maombi ya kazi. Nyuma yake, kwa mwandiko wake wa mviringo, alikuwa ameandika: Mimi Swaleh bin Rajabu nilifanya kazi hii peke yangu, msaidizi wangu alikuwa Molo.

"Shangazi anaendeleaje?" aliuliza.

"Amepona. Na uzi wa Busia?"

"Ulikuwa umekwisha."

Nikamwekea kadi ya Meja mezani, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

"Umelifuta jina langu," alisema.

"Nimelifunika, Fundi."

"Kwa gundi gani?"

"Ya muhogo."

"Vizuri," alisema. "Haitabanduka."

Wiki iliyofuata Mama Nabwire alikuja na uzi, akaishika ile kadi, akaniambia niishone ndani ya nguo. Kwa kadi hiyo ningepita kizuizi chochote kutoka Malaba hadi Kampala. Nilifikiri. Ni kweli, ingenipitisha. Lakini je, ikiwa Meja ataanguka wiki ijayo na waliomwangusha wanikute nayo? Na nikiitupa, ikiwa hataanguka na aniulize iko wapi? Fundi aliniona nimeanza kutafuta karatasi ya kuandikia sababu za pande zote mbili.

"Digrii," alisema. "Kunja."

Nikachukua kadi ile. Ilikuwa ngumu, imenyooka, unene wake sawa kabisa na nafasi tunayoiacha kati ya pembe ya kadibodi na mkato wa kona. Nikaweka rula ya chuma, nikaikata kupitia vyeo vyote vinne, nikabakiza kipande cha pembe tatu cha kupimia kona, nikakitoboa tundu, nikakipitishia uzi na kukitundika kwenye msumari ulio juu ya meza ya kukatia. Hapo ndipo kilipo hadi leo. Na zile herufi tatu zilizofifia ukingoni, MEJ, mnazoniuliza kila mara, sasa mnajua kwamba si jina la kiwanda.